Darasa la Saa Tisa Usiku

Anti yangu huamka saa nane na nusu usiku. Si kuomba, si kukanda unga wa mahamri ya kuuza. Anafungua laptopu, anavaa blauzi safi juu ya leso, na saa tisa kamili darasa linaanza. Kwa mwalimu wake na wenzake walio mashariki mwa Marekani, hiyo ni saa moja jioni: wametoka kazini, wengine wanatafuna chakula mbele ya kamera. Yeye saa moja asubuhi anatakiwa awe kazini, kwa hoteli moja ya Pwani Kaskazini, Mombasa, ambako ni mkuu wa kitengo cha usafi wa vyumba. Miaka 22 kwa hiyo kazi. Sasa anasomea udaktari wa uongozi wa hoteli, mtandaoni. Ndiyo, iko kitu kama hicho. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza.

Mnakumbuka ile video yangu ya mwaka jana, ile ya "digrii ni karatasi tu"? Wengi wenu mliisambaza. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili na nilitaka hiyo kitu ionekane kama ujasiri. Kile sikusema ni kwamba karo yangu ya mwaka wa kwanza ililipwa na Anti. Aliiona. Hakupiga simu. Alituma meseji moja: "Nimeiona. Ukipata muda, niulize hiyo karatasi nimeitafuta tangu lini."

Nilichukua wiki mbili kuuliza. Majibu yake yalinipeleka kusoma historia ambayo sikujua iko.

Mimi nilidhani kusoma huku unafanya kazi ni mambo ya kovidi na Zoom. Kumbe stori inaanza na stempu. Uingereza ilianzisha posta ya bei rahisi mwaka 1840, na karibu mara hiyo hiyo Isaac Pitman akaanza kufundisha hatimkato kwa barua. Mwanafunzi anafanya zoezi, anatuma, linarudi limesahihishwa. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mitihani yake kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga darasa lake. Karani, mwalimu wa kijijini, mtu wa koloni la mbali, wote wangeweza kukaa mtihani bora walipe na wajue kitu. Wanawake walisubiri mpaka 1878 ndiyo waruhusiwe kuchukua digrii zenyewe. Karatasi, eeh?

Afrika Kusini, Unisa ilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Mandela alimaliza digrii yake ya sheria kupitia hicho chuo mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Hapa kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1960, kituo cha Kikuyu kilikuwa kinatuma masomo kwa posta na kuyasindikiza na vipindi vya redio, na walimu wa msingi ambao hawakuwa na vyeti vya kutosha wakasoma bila kuacha wanafunzi wao. Tanzania ikaunda Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Yetu, Chuo Kikuu Huria cha Kenya pale Konza, ilipata hati yake Agosti 2023. Tulichelewa, lakini tulifika.

Sasa ukiangalia hiyo orodha, hakuna mahali watu walisomea mbali kwa sababu ni raha. Walikuwa wamefungwa na kitu: kazi, watoto, umbali, sheria, hata ukuta wa jela kabisa.

Halafu kuna upande wa hoteli, na hapa ndiyo nilikasirika kidogo.

Hoteli ya Norfolk pale Nairobi ilifunguliwa Krismasi ya 1904. Kwa miaka mingi hoteli za walowezi zilimjua Mwafrika kwa njia moja: amevaa kanzu, amebeba trei, anaitwa "boi" hata akiwa na wajukuu. Na kuanzia 1920 mwanaume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba kipande, ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Humo mwajiri aliandika mshahara wako, siku uliyoanza, siku uliyoachiliwa. Ukiondoka kabla hajaweka sahihi, wewe ni mhalifu. Nikimwambia Anti kwamba hiyo ndiyo karatasi ya kwanza mfanyakazi wa hoteli Kenya alipewa, alinyamaza kidogo, akasema, "Na aliyeiandika si yeye mwenyewe."

Wakati huohuo huko nje, hiyo kazi ya trei na shuka ilikuwa inageuzwa kuwa somo. Uswisi walianzisha shule ya hoteli Lausanne mwaka 1893. Chuo cha Cornell, Marekani, kikaanza masomo ya hoteli mwaka 1922. Kuna jamaa anaitwa Ellsworth Statler, alianza kubeba mizigo ya wageni akiwa na miaka 13, mpaka akawa mmoja wa wenye hoteli wakubwa Marekani. Yule naye mwanzoni alikuwa team yangu: hakuona haja ya kusomea hoteli chuoni. Alipokwenda kujionea kazi ya wanafunzi wa Cornell akabadilisha msimamo, na pesa zake ndizo baadaye zilijengea hiyo shule. Ile video yangu ingekuwa ni ya 1920, angeipenda. Ya 1928, la.

Kenya, Chuo cha Utalii pale Thika Road kilianza 1975 kwa msaada wa Uswisi. Hicho kilibadilisha mambo kweli, kwa sababu mtoto wa Kakamega au Kwale angeweza kujifunza kuongoza jikoni badala ya kuosha sufuria za jikoni. Lakini Anti hakupitia huko. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kutandika vitanda, vyumba 14 kwa shifti. Cheti alikipata kwa masomo ya jioni, diploma kwa wikendi, digrii na ya pili yake kwa masafa. Kila hatua alikuwa na yunifomu ndani ya mkoba.

Udaktari wake si ule wa kukaa maktaba miaka sita ndiyo uwe profesa. Ni wa kikazi. Hizi zilianza zamani pia. Harvard walikuwa na wa walimu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Unachukua shida ya kazini kwako, unaitafiti kwa njia inayoweza kuulizwa maswali, na unaandika tasnifu. Kwa hivyo shifti si kizuizi cha masomo, ndiyo maabara yenyewe. Swali la Anti ni hili: kwa nini mameneja wakuu wengi hutoka upande wa chakula, mauzo au hesabu, na ni nadra sana atoke upande wa usafi wa vyumba, ambao ndio wenye wafanyakazi wengi na ndio unauza kile kitu hoteli inauza, yaani chumba?

Aliliuliza hilo swali kwa mkutano wa wakuu wa vitengo miaka kumi iliyopita. Mtu mmoja akamjibu, "Madam, taulo zimefika?" Watu wakacheka. Anasema hata yeye alicheka.

Sitaki niwadanganye kwamba hii kitu ni poa tu. Ada ya somo moja inashinda kodi yake ya miezi kadhaa. Miguu inamvimba. Kuna usiku stima ilipotea katikati ya wasilisho lake, akamalizia kwa simu akiwa amekaa kwa ngazi. Na kabla ya kujiandikisha alitumia miezi minne kuhakikisha chuo kinatambuliwa kwao na kwamba shahada yake itakubalika hapa, kwa sababu soko la udaktari wa kununua tunalijua, tumeona watu wakiamka Jumatatu wakiwa "Dkt." Yeye anasema akitaka hilo jina tu angelishona kwa aproni.

Kitu kingine, zile nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Zilitua karibu na hoteli yake. Mpaka leo anapita hapo kwa matatu akienda kazini.

Mimi sijarudi chuo. Sijui kama nitarudi, na ile video bado iko, sikuifuta, nimebandika hii juu yake. Kile nafanya sasa ni kuandika mahojiano yake. Alinifanya nisaini fomu ya kutunza siri kabla hata sijasikia rekodi ya kwanza, na analipa kwa dakika, hataki ya bure. Jana alituma nyingine, dakika 47, mama mmoja wa kutandika vitanda. Ameniambia nisirekebishe Kiswahili cha huyo mama hata neno moja, na anaitaka kabla ya saa nane na nusu.