Kipima muda baada ya hitilafu

Kipima muda hiki ni saa ya ndani ya programu inayoamua lini kazi iliyokwama ijaribiwe tena. Kanuni ya mwaka 2011 ya TCP, itifaki ya kusafirisha data kwenye intaneti, huanza na sekunde 1. Jibu lisipofika, muda huongezwa maradufu: 2, 4, 8. Umuhimu wake huonekana mtandao unapozidiwa. Nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Tanzania ilidorora. Siku kama hiyo, simu iliyoko Lukole, Ngara, ikirudia ombi kila sekunde, huzidi kuziba njia iliyobaki na kumaliza chaji bure. Kuongeza sekunde chache za kubahatisha kwenye muda wa kusubiri huzuia simu zote kubisha hodi kwa pamoja. Lakini namba ya siri iliyokosewa haisubiriwi: kipima muda kizimwe, mtumiaji aambiwe mara moja.