Kima cha chini ni sakafu tu: Chama cha wafanyakazi kinavyojadili mshahara na marupurupu

Mfanyakazi wa kiwanda au wa duka jijini Dar es Salaam aliyelipwa kima cha chini cha Sh115,000 kwa mwezi Julai 2013 aliweza kuendelea kulipwa kiasi hicho hicho hadi Desemba 2022, bila mwajiri wake kuvunja sheria. Katika miaka hiyo tisa na nusu bei ya unga, nauli ya daladala na kodi ya chumba hazikusubiri amri mpya ya mishahara.

Amri hiyo ilipotoka, kima cha sekta ya biashara na viwanda kilipanda hadi Sh150,000 kuanzia Januari 1, 2023. Mwaka 2025 Serikali ilitangaza amri nyingine. Kuanzia Januari 1, 2026, wastani wa kima cha chini katika sekta binafsi umepanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322. Huo ni wastani. Kila sekta ina kiwango chake, na mtumishi wa nyumbani, kibarua wa shambani na karani wa benki hawamo katika mstari mmoja.

Kwa watumishi wa umma, kima cha chini kilipanda kutoka Sh300,000 hadi Sh370,000 Julai 2022, kisha hadi Sh500,000 Julai 2025 baada ya tangazo la Rais Samia Suluhu Hassan katika sherehe za Mei Mosi zilizofanyika Singida.

Tarakimu hizi ndizo zinazobeba vichwa vya habari. Hata hivyo, amri ya Serikali huweka sakafu ambayo hakuna mwajiri anayeruhusiwa kwenda chini yake. Kinachopatikana juu ya sakafu hiyo hutegemea majadiliano, na chombo chake kisheria ni mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya maandishi kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Makala haya yanaeleza jinsi mkataba huo unavyopatikana Tanzania Bara, unavyoweza kubeba nini, na ni kwa nini wafanyakazi wengi wanaoustahili hawanao. Zanzibar ina sheria zake za kazi.

Kutoka chama kimoja hadi vyama vingi

Madai ya pamoja ya mshahara si jambo geni nchini. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukaenea kufuata Reli ya Kati. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika (TFL), Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake.

Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi, TFL ilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na chama kimoja tu, NUTA, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Baadaye ilikuja JUWATA, jumuiya ya chama tawala, kisha OTTU mwaka 1991. Kwa zaidi ya robo karne chama cha wafanyakazi kilikuwa sehemu ya utawala, na mshahara ulikuwa suala la kuamuliwa juu na kuteremshwa chini.

Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, ilifungua mlango wa vyama huru. Ndipo vikajisajili vyama vya kila sekta: TUICO kwa viwanda, biashara na fedha, TPAWU kwa mashamba, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, TAMICO kwa migodi na ujenzi, TUGHE kwa watumishi wa Serikali na afya, CWT kwa walimu, na vinginevyo. Shirikisho lao ni TUCTA. Sheria mbili za mwaka 2004, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini na ile ya Taasisi za Kazi, ndizo zinazoongoza uwanja huu.

Tofauti kubwa na zama za NUTA ni hii: chama hakipewi tena wanachama, hakina budi kuwatafuta. Kutokana na hilo, nguvu ya chama hupimwa katika kila kiwanda, hoteli au shule.

Nusu na zaidi ndiyo ufunguo

Sheria inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda au kujiunga na chama, na inakataza mwajiri kumbagua kwa sababu hiyo. Chama kilichosajiliwa kina haki ya kuingia mahali pa kazi ili kuandikisha wanachama na kufanya mikutano, kwa utaratibu usiovuruga kazi bila sababu.

Wanachama hujichagulia wawakilishi. Penye mwanachama mmoja hadi tisa, mwakilishi ni mmoja. Penye 10 hadi 20, ni watatu. Penye 21 hadi 100, ni 10. Na penye zaidi ya 100, ni 15, ambapo angalau watano wanapaswa kuwawakilisha wanawake, kama wapo.

Lakini kuwa na tawi hakutoshi kumlazimisha mwajiri kujadili mshahara. Chama kinapaswa kuwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo la majadiliano. Kikifikisha wingi huo, kinastahili kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, nacho humpelekea mwajiri taarifa rasmi ya kuomba kutambuliwa. Mwajiri anatakiwa kukutana na chama ndani ya siku 30. Akikataa au akinyamaza, suala hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na usuluhishi ukishindikana, Mahakama ya Kazi huamua.

Hapa ndipo safari nyingi zinapokatikia. Katika kiwanda chenye wafanyakazi 200, chama chenye wanachama 100 hakijafikisha wingi. Chenye 101 kimefikisha. Mtu mmoja anayesita kujaza fomu anaweza kuwa ndiye tofauti kati ya kujadiliana na kuomba.

Ada ya mwanachama na ya asiye mwanachama

Fomu yenyewe ni TUF.6, ambayo mfanyakazi hutia saini kumruhusu mwajiri kukata ada ya chama kwenye mshahara. Mwajiri anapaswa kuiwasilisha fedha hiyo kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi iliyokatwa. Kiwango cha ada hupangwa na katiba ya chama. Kwa mfano, ada ikiwa asilimia mbili, mwenye mshahara wa Sh400,000 atakatwa Sh8,000 kwa mwezi. Mwanachama anaweza kujitoa kwa kutoa taarifa ya maandishi.

Liko pia jambo linaloleta manung'uniko mengi: ada ya uwakala. Chama kinachotambuliwa kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama, ambao nao hunufaika na nyongeza iliyojadiliwa, wakatwe ada. Sheria imeweka mipaka: ada hiyo isizidi ile ya mwanachama, isichangie chama cha siasa, na itumike kwa maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa mahali hapo. Anayekatwa ada hiyo halazimishwi kuwa mwanachama. Ila ni vyema ajue kwamba analipa gharama za majadiliano bila kuwa na kura ndani ya chama kinachojadili.

Yanayojadiliwa mezani

Pande zote mbili zinawajibika kujadiliana kwa nia njema. Chama kinachotambuliwa kina haki ya kupewa taarifa zinazohitajika ili kijadili kwa ufanisi, ingawa mwajiri halazimiki kutoa za siri ambazo zikifichuka zinaweza kumdhuru. Kauli ya "kampuni haina uwezo" inahitaji kuungwa mkono na hesabu, na chama kinachofika mezani bila mtu wa kuzisoma kimeshapoteza nusu ya hoja.

Mkataba hauna haja ya kurudia yaliyomo kwenye sheria. Kazi yake ni kuyapandisha. Sheria inataka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe angalau mara moja na nusu. Kazi ya usiku huongezewa angalau asilimia tano ya mshahara wa msingi, na kazi ya sikukuu hulipwa mara mbili. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili na zinazobaki nusu.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Maana yake ni kwamba mtu aliyetumika miaka 10 na aliyetumika 25 wote hupata siku 70. Mkataba wa hali bora unaweza kufuta ukomo huo au kuongeza siku. Ni eneo ambalo kifungu kimoja kilichoandikwa vizuri huzidi thamani ya nyongeza ya mwaka mzima.

Mambo mengine yanayojadiliwa kwa kawaida ni posho za nyumba na usafiri, chakula kazini, bima ya afya kwa mfanyakazi na wategemezi wake, nauli ya likizo, gharama za mazishi, zawadi ya utumishi wa muda mrefu na mkono wa kwaheri kwa wanaopunguzwa kazini.

Yapo yasiyoamuliwa kwenye meza ya tawi. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya nusu yake. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hulipwa na mwajiri peke yake. Kikokotoo cha pensheni, kilichozua malalamiko makubwa mwaka 2018, nacho hupangwa kitaifa. Huko hoja hupitia kwa vyama na TUCTA, si kwa mwajiri mmoja mmoja.

Mkataba unafunga ukishatiwa saini

Mkataba wa hali bora sharti uwe wa maandishi na utiwe saini na pande zote. Huanza kufunga tangu saini ya mwisho, isipokuwa kama wenyewe unataja tarehe nyingine, na nakala yake huwasilishwa kwa Kamishna wa Kazi. Chama kikiwa ndicho wakala pekee, unawafunga hata wasio wanachama. Ahadi iliyotolewa kwenye mkutano wa wafanyakazi na kupigiwa makofi haina nguvu hiyo.

Meza ikikwama

Majadiliano yakishindikana, mgogoro hupelekwa CMA, na msuluhishi ana siku 30. Zikipita bila mwafaka, wafanyakazi wanaweza kugoma, baada ya kura iliyopigwa kwa mujibu wa katiba ya chama na taarifa ya saa 48 kwa mwajiri. Hawaruhusiwi walio katika huduma muhimu kama maji, umeme, afya na zimamoto, wala waliofungwa na mkataba unaogusa suala hilo hilo. Mgomo halali haumfukuzishi mtu kazi, lakini mwajiri halazimiki kulipa mshahara wa siku za mgomo.

Historia ya karibuni inaonyesha jinsi njia hiyo ilivyo nyembamba. TUCTA ilitangaza mgomo wa nchi nzima uanze Mei 5, 2010, ikidai pamoja na mengine kima cha chini cha Sh315,000. Mgomo huo haukufanyika. Walimu walianza mgomo wao Julai 30, 2012, na siku chache baadaye Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikatamka kuwa haukuwa halali. Chama kisichoshika utaratibu huweza kushindwa mahakamani hata kama madai yake yana haki.

Kwa mfanyakazi mmoja mmoja, muda nao ni mali. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 za kufika CMA; kwa migogoro mingine ni siku 60. Wengi huzimaliza wakisubiri ahadi za mdomo.

Maswali ya kumwuliza kiongozi wa tawi

Mfanyakazi anayekatwa ada ana haki ya kujua inamletea nini. Aulize: Je, chama chetu kinatambuliwa kuwa wakala pekee hapa kazini? Wanachama ni wangapi kati ya wafanyakazi wote? Mkataba wa hali bora upo, na unakwisha lini? Nakala yake inapatikana wapi? Mara ya mwisho mshahara ulijadiliwa mwaka gani?

Majibu yakiwa wazi, tawi lina uhai. Yakiwa ya kuzungukazunguka, dawa yake ni mkutano wa wanachama na kura ya kuchagua wawakilishi wengine. Pasipo mkataba, mfanyakazi anabaki akisubiri amri ijayo ya Serikali, na waliosubiri tangu 2013 wanajua subira hiyo inaweza kuchukua miaka mingapi.