Ikulu ya Marekani: Nyumba Iliyojengwa Upya Ndani ya Kuta Zake

Kati ya Desemba 1949 na Machi 1952, Ikulu ya Marekani mjini Washington ilikombwa ndani, kuanzia chini ya ghorofa ya tatu hadi msingini, kisha ikajengwa upya chumba kwa chumba. Mpita njia wa barabara ya Pennsylvania hakuona la ajabu sana. Kuta nyeupe zilikuwa palepale na safu za madirisha palepale. Nyuma ya madirisha hayo hapakuwa na chumba, ngazi wala sakafu. Palikuwa na shimo, msitu wa vyuma, na tingatinga likisomba kifusi.

Nyumba nyingi husifiwa kwa kubadilishwa sura baada ya kupakwa rangi, kuwekewa mapazia na kununuliwa makochi. Hiyo nayo ni kazi, na inaweza kumfurahisha mwenye nyumba kwa miaka mingi. Lakini kisa cha Ikulu ya Marekani kina uzito wa pekee, kwa kuwa nyumba moja ilipita katika mageuzi ya aina zote mbili: ya mifupa chini ya Rais Harry Truman, na ya sura miaka kumi baadaye chini ya Jacqueline Kennedy, mke wa Rais Kennedy. Ya kwanza yaliiokoa nyumba isianguke. Ya pili yaliirudishia kumbukumbu ambazo yale ya kwanza yalikuwa yamezimwaga jaani.

Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 13, 1792, kwa ramani ya James Hoban, msanifu majengo mzaliwa wa Ireland. John Adams, rais wa kwanza kulala humo, aliingia Novemba 1800 vyumba vingine vikiwa havijakamilika. Agosti 24, 1814, wanajeshi wa Uingereza waliitia moto, na kilichosalia kikawa magofu ya kuta za mawe yaliyopigwa masizi. Hoban akaitwa tena, na mwaka 1817 James Monroe akahamia. Kazi ilikwenda mbio, na baadhi ya mahali palipokuwa na ukuta wa matofali ndani ya nyumba paliwekwa mbao ili mambo yaishe upesi. Deni la haraka hiyo lilikuja kulipwa na watu ambao hata hawakuwa wamezaliwa.

Baada ya hapo kila rais aliingia na yake. Chester Arthur hakukubali kuhamia hadi nyumba ipambwe upya. Mwaka 1882 mizigo 24 ya magari ya farasi, iliyojaa samani na vyombo vya waliomtangulia, iliuzwa mnadani, na Louis Comfort Tiffany akapewa vyumba vya wageni. Katika ukumbi wa kuingilia Tiffany alisimamisha kiambaza kikubwa cha vioo vya rangi. Mwaka 1902 Theodore Roosevelt alimwita Charles McKim wa kampuni ya McKim, Mead & White, naye kiambaza hicho akakiondoa, kikauzwa. McKim alitaka nyumba irudi kwenye utulivu wa siku za mwanzo, na kwa macho tu alifaulu. Tatizo ni kwamba, ili kupanua ukumbi wa karamu, aling'oa ngazi ya upande wa magharibi pamoja na ukuta uliokuwa ukibeba uzito wa juu, na uzito huo ukabaki ukining'inizwa kutoka juu.

Mwaka 1927, wakati wa Calvin Coolidge, paa la zamani liliondolewa na ghorofa ya tatu ikajengwa kwa chuma na zege. Mzigo huo wote ukatua juu ya kuta za ndani za tangu siku za Hoban, ambazo msingi wake ulikuwa umesimama kwenye udongo mlaini. Kabla na baada ya hapo mafundi walikuwa wakipitisha mabomba ya maji, ya gesi na ya joto, kisha nyaya za umeme, na kila aliyekutana na boriti aliikata apate njia. Hakuna hata mmoja aliyekuja kubomoa. Kila mmoja alikuja kuongeza kitu kizuri, na nyumba ikazidi kupendeza huku ikizidi kuoza.

Truman alishika urais Aprili 1945, na alipohamia Ikulu haikumchukua muda kusikia nyumba ikilalamika. Sakafu za juu zilitikisika mtu akipita, na taa kubwa ya vioo katika Chumba cha Buluu ilikuwa ikiyumba bila upepo. Beseni lake la kuogea lilikuwa likizama polepole sakafuni, na chini yake ndipo wageni wa heshima walipokuwa wakipokewa. Mwaka 1948 mguu wa piano ya binti yake, Margaret, ulitoboa sakafu ya sebule yake na kutokeza kwenye dari ya chumba cha chakula cha familia. Wahandisi waliopekua ndani ya kuta na dari walikuta mbao zilizopasuka, matofali yaliyolegea na dari iliyokuwa, kwa maelezo yao, imeshikilia kwa mazoea tu.

Baada ya uchaguzi wa Novemba 1948, familia ya Truman ilihamia Blair House, nyumba ya serikali iliyo ng'ambo ya barabara, na ikakaa huko kwa zaidi ya miaka mitatu. Maisha ya huko hayakuwa salama kama ya ndani ya uzio wa Ikulu. Novemba 1, 1950, wazalendo wawili wa Puerto Rico walijaribu kumuua rais mlangoni pa Blair House. Askari mmoja aliyekuwa zamu, Leslie Coffelt, alipoteza maisha katika mapambano hayo.

Hoja kubwa ilikuwa hii: nyumba ibomolewe yote ijengwe nyingine, au zibaki kuta za nje na ndani pajengwe upya? Kwa mkandarasi, kubomoa yote ni kazi nyepesi, na walikuwapo wabunge waliopendelea njia hiyo. Tume iliyoundwa na Bunge mwaka 1949, ikiongozwa na Seneta Kenneth McKellar wa Tennessee, iliamua kuta zibaki. Ulikuwa uamuzi mzuri. Kuta hizo zilikuwa zimeshuhudia moto wa 1814, na baadhi ya mawe yalikuwa bado na alama za mwali huo. Taifa linalozivunja ili kupunguza gharama haliwezi kuzinunua tena.

Bunge liliidhinisha dola milioni 5.4, na hatimaye gharama ilifika takriban dola milioni 5.7. Zabuni ilikwenda kwa John McShain wa Philadelphia, mkandarasi aliyekuwa na jina kubwa Washington, na ramani zikasimamiwa na Lorenzo Winslow, msanifu majengo wa Ikulu. Kazi ilianza Desemba 13, 1949.

Kwanza vilitolewa vitu vya thamani: milango, fremu, mapambo ya plasta, mbao za ukutani, sehemu za mekoni. Vingi viliandikwa namba na kuhifadhiwa. Kisha mafundi wakachimba chini ya kuta za nje, kipande baada ya kipande, na kumimina nguzo 126 za zege zilizoshuka mita kadhaa hadi kwenye tabaka la kokoto gumu. Kazi ya namna hiyo haina pupa. Ukifukua sehemu kubwa kwa mkupuo mmoja, ukuta unakuja chini na wewe ukiwa ndani ya shimo. Kuta zilipopata pa kukanyaga, ndipo ndani pakabomolewa, vyuma vya muda vikishikilia ghorofa ya tatu na paa vilivyobakizwa juu.

Truman hakutaka ukuta utobolewe tundu kubwa. Basi tingatinga lilifunguliwa vipande, vikaingizwa ndani, likaunganishwa upya na kuanza kazi katikati ya gamba tupu la jengo. Abbie Rowe, mpiga picha wa idara ya hifadhi za taifa, alilipiga picha likiwa humo mwaka 1950, na alifuatilia ukarabati kwa mamia ya picha nyingine. Kwa sababu yake, leo tunaweza kuuona ukumbi uleule ukiwa mzima, ukiwa shimo, kisha ukiwa mzima tena.

Ndani ya gamba hilo kulisimamishwa kiunzi cha chuma cha tani 660, kikiwa na msingi wake, na ngazi mbili za vyumba vya chini ya ardhi zikachimbwa. Mitambo ya kupoza hewa, mabomba na nyaya vikapata njia zao rasmi. Ngazi kuu iligeuzwa ili ishukie ukumbi wa kuingilia, jambo linalompa rais mteremko wa heshima anapokuja na wageni wake. Leo nyumba hiyo ina vyumba 132 na mabafu 35 katika ngazi sita, ingawa aliye nje huiona kama jumba la ghorofa chache tu.

Mbao za ukutani za ukumbi wa karamu, zilizokuwa za mwaloni uliokoza tangu 1902, zilirudishwa zikiwa zimeumia, zikapakwa kijani hafifu. Boriti kadhaa za zamani zilipasuliwa zikawa mbao za kufunika kuta za vyumba vya chini, ikiwemo maktaba. Truman, aliyekuwa Freemason, alivutiwa na alama za waashi zilizogunduliwa kwenye mawe, akayagawa mawe hayo kwa jumuiya za Kimasoni nchini mwake. Vipande vya matofali, mawe na mbao viliuzwa kwa raia kama kumbukumbu.

Sehemu kubwa ya vilivyobaki ilitupwa. Hapo ndipo ukarabati huu unapostahili lawama. Tarehe ya kumaliza ilikuwa ikibana, Vita vya Korea vilipandisha bei ya vifaa, na kazi nyingi za mikono ya mafundi wa karne ya 19 zilionekana ni rahisi kuzinakili kuliko kuzisafisha. Zikaishia kufukia mashimo. Fedha nazo zilipungua palepale ambapo jicho hutazama: fungu la samani lilikuwa dogo, na duka la B. Altman la New York lilipewa jukumu la kupamba nyumba nzima kwa bei ya gharama. Vitu vingi vilivyowekwa vilikuwa nakala mpya. Vilikuwa safi na imara, lakini vingeweza kukaa katika hoteli yoyote nzuri bila mtu kushangaa.

Machi 27, 1952, Truman alikabidhiwa ufunguo wa dhahabu na kuingia. Mei mwaka huohuo aliwatembeza Wamarekani kupitia televisheni, na alipofika Ukumbi wa Mashariki akaketi na kuwapigia piano. Safari hii sakafu haikutoboka.

Jacqueline Kennedy aliikuta nyumba hiyo mwaka 1961 ikiwa na mifupa mipya na vyumba visivyo na historia. Fungu la dola 50,000 alilopewa liliisha upesi kwenye vyumba vya familia, alikofanya kazi na mpambaji Sister Parish. Kwa vyumba vya wageni alichagua njia nyingine. Februari 1961 iliundwa kamati ya sanaa chini ya Henry Francis du Pont, mjuzi wa samani za kale za Kimarekani, ili kutafuta na kuomba vitu halisi kutoka kwa wafadhili. Stéphane Boudin, mpambaji kutoka Paris, alipewa Chumba Chekundu na Chumba cha Buluu. Zile mbao za kijani za ukumbi wa karamu zikapakwa nyeupe.

Jacqueline mwenyewe alipekua vyumba vya chini na maghala. Meza iliyotengenezwa kwa mbao za meli ya Resolute, zawadi ya Malkia Victoria kwa Rais Rutherford Hayes mwaka 1880, ilikutwa katika chumba cha matangazo ya redio na televisheni, ikahamishiwa ofisini kwa rais. Kwa chumba cha kupokelea mabalozi ilipatikana karatasi ya ukutani yenye mandhari za Amerika Kaskazini, iliyochapwa na kampuni ya Zuber ya Ufaransa mwaka 1834. Ilibanduliwa kutoka nyumba moja ya Thurmont, Maryland, muda mfupi kabla nyumba hiyo kuvunjwa. Karatasi iliyookolewa kwenye nyumba inayobomolewa ikaenda kuvika kuta za nyumba ambayo yenyewe ilikuwa imebomolewa ndani.

Februari 14, 1962, mama huyo aliwaonyesha watazamaji kazi hiyo katika kipindi cha televisheni akiwa na mwandishi Charles Collingwood, na Wamarekani zaidi ya milioni 50 wakatazama.

Zao kubwa zaidi la mageuzi hayo ya pili halikuwa zulia wala pazia. Septemba 1961 Bunge lilipitisha sheria iliyofanya samani na vitu vya kihistoria vya Ikulu kuwa mali ya kudumu ya nyumba. Kisichotumika huenda kutunzwa na taasisi ya Smithsonian. Mnada wa Chester Arthur hauwezi kurudiwa. Mwaka 1964 Lyndon Johnson aliunda kamati ya kudumu ya kuhifadhi vyumba vya wageni, na tangu hapo rais anayetaka kubadilisha vyumba hivyo hushauriana nayo. Ghorofani, kwenye makazi ya familia, bado anaweza kuchagua rangi aipendayo.

Ukarabati wa Truman uliiokoa nyumba, na kwa uhandisi wake unastahili heshima kamili. Kwa utunzaji wa vitu vya kale ulishindwa, na kosa hilo lilikuwa la kuepukika: ghala moja kubwa na miezi michache ya ziada vingetosha. Picha za Abbie Rowe zimehifadhiwa katika Maktaba ya Truman mjini Independence, Missouri, na zinatazamika bure. Anayetaka kuelewa kazi hii aanze na ile ya tingatinga.