Cicely Tyson

Cicely Tyson (19 Desemba 1924 – 28 Januari 2021) alikuwa mwigizaji wa Marekani aliyefanya kazi jukwaani, kwenye televisheni na kwenye filamu kwa zaidi ya miaka 60. Orodha ya kazi zake ingeweza kuwa ndefu zaidi. Ilipungua kwa hiari yake, kwa kuwa alikataa nafasi zilizomdhalilisha mwanamke Mweusi, hata pale msimamo huo ulipomkosesha kazi kwa muda mrefu.

Alikulia Harlem, jijini New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibi. Mama yake alikuwa mtu wa dini, na kwake sinema ilikuwa mahali pa dhambi. Baada ya shule Tyson aliajiriwa kama karani wa kupiga taipu katika Shirika la Msalaba Mwekundu, kazi aliyoichoka, kisha akawa mwanamitindo wa magazeti, likiwemo Ebony. Alipoingia kwenye uigizaji, mama alimfukuza nyumbani na kukata mazungumzo naye. Walikuja kupatana baadaye, mama alipomwona jukwaani.

Mwaka 1961 alikuwa katika kundi lililoigiza The Blacks, tamthilia ya Mfaransa Jean Genet, iliyoonyeshwa New York zaidi ya mara 1,400. Wenzake humo, James Earl Jones, Maya Angelou na Louis Gossett Jr., wote walikuja kuwa watu wakubwa. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya Vernon Rice kwa Moon on a Rainbow Shawl, mchezo wa Errol John wa Trinidad.

Televisheni ilimpa umaarufu wa namna nyingine. Katika East Side/West Side (1963–64) aliigiza Jane Foster, katibu muhtasi katika ofisi ya ustawi wa jamii, nafasi ya kudumu iliyokuwa adimu kwa mwanamke Mweusi wakati huo. Zilizozungumzwa zaidi, hata hivyo, ni nywele zake. Alizikata fupi na kuziacha na kipilipili chake, bila dawa wala kitana cha moto, wakati wanawake Weusi walioonekana hadharani walitarajiwa kuzinyoosha. Mtindo huo uliigwa na wengi, na wapo wasusi waliolalamika kuwa anawaharibia biashara.

Filamu ya Sounder (1972) ndiyo iliyomthibitisha. Ndani yake ni Rebecca, mke wa mkulima wa Louisiana anayelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno; mume anapofungwa kwa kuiba nyama, shamba na watoto vinabaki mikononi mwa Rebecca. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike, ikachukuliwa na Liza Minnelli.

Kilele cha kazi yake ya televisheni ni The Autobiography of Miss Jane Pittman (1974), kutokana na riwaya ya Ernest J. Gaines. Humo Tyson anamfuata mhusika mmoja kutoka ujana hadi miaka 110, mwanamke aliyezaliwa utumwani na kuishi hadi enzi ya kudai haki za kiraia. Karibu na mwisho bikizee huyo anatembea kwa mkongojo, peke yake, polisi wakimtazama, hadi kwenye bomba la maji lililotengewa Wazungu. Anainama, anakunywa, anageuka na kurudi polepole alikotoka. Vipodozi vilimzeesha uso, lakini mwendo ule ulikuwa wake mwenyewe. Kazi hiyo ilimpatia tuzo mbili za Emmy. Ya tatu aliipata mwaka 1994.

Watazamaji wengi wanamkumbuka kupitia mfululizo wa televisheni wa Roots (1977) kama Binta, mama wa mhusika Kunta Kinte, ingawa sehemu yake humo ni fupi. Mwaka 1978 aliigiza mkombozi wa watumwa Harriet Tubman katika A Woman Called Moses.

Aliolewa na mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1981, na ndoa ikavunjika kabla ya muongo kwisha. Sura yake ilikuwa tayari kwenye jalada la Sorcerer, albamu ya Davis ya mwaka 1967.

Alirudi kwenye jukwaa la Broadway mwaka 2013, baada ya miaka 30, katika The Trip to Bountiful, mchezo wa Horton Foote. Mhusika wake, Bi Carrie Watts, anatoroka nyumba ya mwanawe mjini Houston ili akauone tena mji wa utotoni. Alipoanza kuimba Blessed Assurance, wimbo wa kanisani ambao Wakristo wa Afrika Mashariki huuimba kwa Kiswahili, watazamaji waliitikia kutoka vitini. Alipata tuzo ya Tony akiwa na miaka 88. Miaka miwili baadaye aliungana tena na James Earl Jones katika The Gin Game.

Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru mwaka 2016, na mwaka 2018 akapewa Oscar ya heshima. Kitabu cha maisha yake, Just as I Am, kilitoka tarehe 26 Januari 2021. Alifariki siku mbili baadaye, akiwa na umri wa miaka 96.