Karabai za Kituku na nukta isiyolala

Sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Alitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa humo kati ya 1958 na 1960, enzi ya Wabelgiji, na kwa kuwa ni samaki anayeufuata mwanga usiku, uvuvi wake ukawa wa taa: mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavu umeshushwa chini, karabai zinawaka juu yake. Anayenunua sambaza asubuhi sokoni Kituku, mjini Goma, ananunua kazi ya taa. Nayo taa hiyo ilikuwa na masharti. Ilitaka mafuta, ilitaka kupigwa pampu, na kile kitambaa chake chembamba kikishaungua mara ya kwanza hubomoka kwa kuguswa tu na kidole. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hupumzika, maana mwezi ukiangaza ziwa zima samaki hawana sababu ya kuikimbilia taa. Mwanga wa usiku kwenye ufuo huu, basi, ulikuwa na neno la kusema, na ukishalisema ulizimwa.

Ipime kwa kipimo hicho taa ndogo ya kompyuta mpakato iliyolazwa mezani, inayofifia na kung'aa hadi alfajiri chumbani mwa mtu anayetafuta usingizi. Mwaka 2003 Apple ilipata hataza Marekani kwa taa ya namna hiyo, inayoiga mwendo wa pumzi. Wazo ni zuri dukani. Chumbani ni kero, na wanaodai kwamba nukta hiyo ni ndogo mno kumsumbua mtu wanasahau kwamba jicho lililozoea giza huona hata kidogo kisichoonekana mchana. Tena nyingi ni za buluu au nyeupe. Diodi ya buluu yenye nguvu, iliyotoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndiyo pia iliyozaa taa nyeupe za betri ambazo wavuvi wengi wanazitumia sasa badala ya karabai. Rangi hiyo hupenya mbali majini, na ndiyo hiyo inayouambia mwili wa binadamu kwamba bado ni mchana. Sambaza na mtu asiyepata usingizi wanaitwa na taa za ukoo mmoja.

Pingamizi zito zaidi linatoka mlimani. Watu wa Goma wamelala miaka mingi chini ya wekundu wa volkano ya Nyiragongo, taa ambayo hakuna aliyeiwasha wala anayeweza kuizima. Mbona hiyo haikuwakera? Sehemu ya jibu ni rangi, kwa kuwa wekundu hausumbui saa ya mwili kama buluu. Lakini kubwa ni kwamba wekundu ule husomwa. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipolipuka, anga ilibadilika, na watu wengi wakaelewa kabla ya kuambiwa na yeyote. Ishara ni kitu kinachobadilika habari inapobadilika. Taa ya kompyuta inabadilika kila sekunde chache huku habari yake ikibaki ileile: mashine imelala. Inaigiza habari, na jicho, ambalo halijui kupuuza kinachocheza gizani, linaamshwa bure.

Atasema mtu wa Goma kwamba kwake nukta hiyo ina faida: umeme ukikatika na kurudi usiku, taa ya chaja ndiyo inayomjulisha. Ni kweli, na taa ya chaja iachwe. Hiyo hukaa kimya hadi umeme urudi, kama karabai inayongoja giza. Ile inayohema ndiyo isiyo na utetezi, na Apple wenyewe waliiondoa kwenye mashine zao katika miaka ya 2010. Kwa zile za zamani ambazo bado zinafanya kazi, kipande cha utepe mweusi wa kufungia nyaya, kikubwa kama ukucha wa mtoto, kinatosha.