Mapapa Wawili katika Mizani ya Magazeti



Siku moja, baada ya sala ya jioni, Mkristu wa kijiji chetu alinijia mwenye huzuni. Nyumbani mwake mna picha ya Papa Pio XII, aliyoitundika marehemu baba yake, aliyebatizwa zamani za Papa huyo. Akaniambia: «Mwalimu, nimesikia katika radio kwamba Papa huyu alinyamaza Wayahudi walipokuwa wakiuawa, na kwamba mwema ni yule aliyemfuata, Yoane XXIII. Je, niitoe picha ya baba?» Sikumjibu upesi. Leo nataka kumjibu mbele yenu nyote, kwa maana jambo hili lagusa amri ya nane ya Mungu, ile ikatazayo uongo juu ya jirani.

Kwanza tuwafahamu watu wenyewe. Eugenio Pacelli alizaliwa Roma mwaka 1876. Alichaguliwa kuwa Papa Pio XII tarehe 2 Machi 1939, miezi sita kabla ya vita vya pili vya dunia, akafa tarehe 9 Oktoba 1958. Angelo Roncalli, ndiye Yoane XXIII, alizaliwa mwaka 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte, Italia ya kaskazini, mtoto wa wakulima. Alichaguliwa tarehe 28 Oktoba 1958, akafa tarehe 3 Juni 1963. Wa kwanza alikuwa mwembamba na mkimya. Wa pili alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka. Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini wengi waligeuza tofauti ya sura na tabia kuwa hukumu.

Tazameni jinsi ilivyotokea. Wakati wa vita, gazeti la Marekani liitwalo New York Times lilimsifu Pio kwa hotuba zake za Noeli za mwaka 1941 na 1942. Alipokufa, Golda Meir, waziri wa Israeli, alimlilia kwa maneno ya heshima. Kisha, tarehe 20 Februari 1963, mjini Berlin ulionyeshwa mchezo wa Rolf Hochhuth uitwao Der Stellvertreter. Ndani yake Pio ni mtu wa moyo baridi, ahangaikiaye mali kuliko damu ya watu. Mchezo ukazunguka nchi nyingi, na magazeti yakauandika sana. Mwaka ule ule Yoane alikufa, akaliliwa na mataifa. Basi wafu wawili wakawekwa katika mizani moja, mmoja apande, mwingine ashuke.

Magazeti yalionyesha Pio akibebwa kitini juu ya mabega ya watu, na Yoane akiwatembelea wafungwa wa Roma mwezi wa Desemba 1958. Picha zote mbili ni za kweli. Lakini Yoane naye alibebwa kitini, akavikwa taji tarehe 4 Novemba 1958. Na Pio naye, mabomu yalipoangukia mtaa wa San Lorenzo, tarehe 19 Julai 1943, alitoka Vatikano akaenda kusimama katikati ya watu waliofiwa. Tena, ni nani aliyemtuma Roncalli Paris mwaka 1944, akamfanya Kardinali mwaka 1953? Ni Pio huyo huyo.

Nasi Waafrika tunao ushuhuda wetu. Mwezi wa Oktoba 1939 Pio alimpa uaskofu Joseph Kiwanuka wa Uganda kwa mikono yake mwenyewe. Laurean Rugambwa wa Tanganyika alifanywa askofu zamani za Pio, na Yoane akamfanya Kardinali mwaka 1960. Tarehe 10 Novemba 1959 Yoane alizifanya misioni za Kongo kuwa majimbo kamili ya Eklezia. Mmoja alilima shamba, mwingine akaendeleza kazi. Na mvunaji hawezi kumdharau aliyelima.

Lakini, wapenzi, tusijibu uongo kwa uongo. Noeli ya mwaka 1942 Pio alinena juu ya malaki ya watu waliohukumiwa kufa kwa sababu ya taifa au kabila lao tu. Hakuwataja Wayahudi kwa jina, wala watesi wao. Tarehe 16 Oktoba 1943 askari wa Kijerumani waliwakamata Wayahudi zaidi ya elfu moja katika Roma yenyewe, wakawapeleka Auschwitz. Wachache mno walirudi. Papa hakupaza sauti mbele ya watu. Ni kweli pia kwamba maelfu walifichwa katika nyumba za watawa. Ni kweli kwamba maaskofu wa Uholanzi walipopinga hadharani mwaka 1942, Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobatizwa, na kati yao mtawa Edith Stein, aliyeuawa. Tarehe 2 Machi 2020 Papa Fransisko alifungua maandiko ya siri ya zamani za Pio. Mwaka 2023 barua moja ya Desemba 1942 ilitangazwa, yenye kuonyesha kwamba habari za mauaji ya Belzec zilifika katika ofisi ya Papa. Wataalamu wangali wakibishana juu ya ukimya ule, na Eklezia haikuwazuia kusoma.

Basi namjibu ndugu yangu hivi: Usiitoe picha ya baba yako. Wala usiwafiche watoto wako habari za ukimya ule. Waambie yote mawili, ndipo utakuwa shahidi wa kweli.

ULIZO: Je, ni dhambi kulinganisha Mapapa?
JIBU: Si dhambi, ikiwa twapima matendo yote kwa haki. Ni dhambi kuficha mema ya mmoja ili kumwinua mwenzake.

ULIZO: Je, yafaa kuficha kosa la mkubwa wa Eklezia ili kuilinda Eklezia?
JIBU: Haifai. Eklezia hailindwi kwa uongo.

AZIMIO: Juma hili, nikisikia mtu akisifiwa au akilaumiwa, nitauliza kwanza: Ni nini ambacho sijaambiwa?