Mkutuo: Hesabu ya Mwendo kutoka Reli ya Kivu hadi Mlima wa Lemera

Istilahi za mwendo katika Kiswahili zimepangwa kwa ngazi. Kwanza upo umbali. Badiliko la umbali kwa muda huitwa kasi. Badiliko la kasi kwa muda huitwa mchapuko, neno lililotokana na kitenzi chapuka, ambacho wapiga ngoma na waenda kwa miguu walikitumia kabla wanafizikia hawajakiazima. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni mojawapo ya kazi zilizosaidia kuimarisha msamiati wa aina hii. Ngazi inayofuata, yaani badiliko la mchapuko wenyewe kwa muda, hutajwa mara chache darasani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ngazi hiyo ilivyopata kuhesabiwa, na kisha kuiangalia katika Bonde la Ruzizi na mlima wa Lemera, kaskazini ya Uvira. Kwa sasa tutaiita mkutuo. Sababu za kulichagua neno hilo zitaelezwa baadaye.

Abiria aliyeketi katika gari linalokwenda kwa kasi isiyobadilika hahisi mwendo wowote. Gari likiongeza kasi kwa mchapuko usiobadilika, atasukumwa nyuma kwenye kiti, lakini baada ya muda mfupi ataizoea hali hiyo na ataweza hata kuendelea kusoma gazeti. Kinachomyumbisha ni mchapuko kuja au kuondoka kwa ghafla, kwa sababu misuli huhitaji muda ili ijibu kani mpya. Muda huo ukikosekana, mwili huangushwa kabla haujajiandaa.

Wajenzi wa reli ni miongoni mwa waliolazimika kulihesabu jambo hili mapema. Reli iliyonyooka ikiunganishwa moja kwa moja na tao la duara, behewa hupata mchapuko wa pembeni papo hapo linapoingia katika tao. Dawa yake ni kuweka katikati kipande cha mpito, ambacho huanza kikiwa kimenyooka na kujikunja kidogo kidogo. W. J. M. Rankine alikwisha kuvijadili vipande hivyo mwaka 1862. Lakini swali la urefu wake lilipata jibu lililo wazi baada ya msiba. Tarehe 1 Julai 1906 treni iliyotoka Plymouth kwenda London iliingia kwa kasi mno katika kona ya Salisbury, ikapinduka, na watu 28 wakafa. Mhandisi W. H. Shortt alishiriki katika uchunguzi wa kasi salama kwenye kona, na miaka michache baadaye alipendekeza kwamba mchapuko wa pembeni usiongezeke zaidi ya futi 1 kwa sekunde ya kipeo cha tatu, yaani takriban mita 0.3. (Ni Shortt huyuhuyu aliyebuni, mwaka 1921, saa ya pendulumu iliyotumiwa katika vituo vingi vya kuchunguzia nyota. Aliyetaka kupima kasi ya treni alijikuta hana budi kupima muda kwanza.)

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuchukulie treni inayokwenda mita 10 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 36 kwa saa, ikiingia katika tao lenye nusukipenyo cha mita 100. Mchapuko wa pembeni ni kipeo cha pili cha kasi kugawanywa kwa nusukipenyo: 100 kwa 100, yaani mita 1 kwa sekunde ya kipeo cha pili. Kama mpito una urefu wa mita 10, treni huumaliza kwa sekunde 1, na mkutuo ni mita 1 kwa sekunde ya kipeo cha tatu, zaidi ya mara tatu ya kikomo cha Shortt. Ili kutovuka kikomo hicho, mpito hauna budi kufikia mita 33 na kitu. Kwa jumla, mkutuo ni kipeo cha tatu cha kasi kugawanywa kwa zao la nusukipenyo na urefu wa mpito. Kipeo hicho cha tatu ndicho kiini cha jambo: ukipunguza kasi kwa nusu, mkutuo hushuka hadi sehemu moja ya nane.

Sasa tuje Uvira. Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na kuingia Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Sehemu kubwa ya mteremko huo imo katika magenge yaliyo juu ya Kamanyola; chini yake bonde ni tambarare. Reli ya Kivu, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilifuata utambarare huo kwa kilomita zipatazo 90, kutoka bandari ya Kalundu hadi Kamanyola, na ikaishia hapo. Kutoka Kamanyola kupanda Bukavu abiria na mizigo walipakiwa katika magari. Kwa maneno mengine, reli ilihudumia pale ambapo kona zilikuwa chache, na barabara ikaachiwa kona zote. Ilifungwa mwaka 1958, na tangu hapo bonde na mlima vyote vimekuwa vya magurudumu ya mpira na miguu ya watu.

Lemera iko juu ya bonde hilo, katika milima ya Wafuliiru. Wanahistoria wengi huitaja kwa ajili ya mapatano ya Oktoba 1996 yaliyozaa AFDL. Sisi tunaitaja kwa ajili ya hospitali yake, iliyoanzishwa na wamisionari Wapentekoste wa Sweden. Daktari Denis Mukwege alianza kazi hapo mwaka 1983. Ameeleza mara nyingi kwamba hali ya wanawake waliofikishwa Lemera baada ya uzazi mgumu, wengine wakiwa wamechelewa mno, ndiyo iliyomfanya aende Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Alirejea mwaka 1989. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ilivamiwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa.

Mgonjwa wa mlimani hubebwa kwa machela, au kipoyi kama kinavyoitwa Kongo, au hulazwa ndani ya gari. Wachukuzi wazoefu hulinganisha hatua zao ili machela isirukeruke, na hapo wanapunguza mkutuo bila kuandika hesabu yoyote. Gari ni jambo jingine. Tuseme gurudumu limetumbukia katika shimo, na mchapuko wa wima umepanda kutoka sifuri hadi mita 5 kwa sekunde ya kipeo cha pili kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mkutuo huo ni 50, mara 160 na zaidi ya kikomo cha Shortt. Ni kweli kwamba kikomo hicho kiliwekwa kwa mwendo wa pembeni wa abiria wazima, kwa hiyo ulinganisho huu ni wa kukadiria tu. Lakini mama anayetokwa damu hana uzima wa abiria yule.

Katika hesabu ya kona tumekutana na vitu vitatu: kasi, nusukipenyo na urefu wa mpito. Dereva anamiliki kimoja tu, kasi. Akiipunguza, mkutuo unashuka upesi sana, lakini safari inarefuka, na huenda mgonjwa asiweze kuingojea. Hivyo viwili vingine vimo mikononi mwa mwenye kujenga barabara. Kwa maoni yangu, mazungumzo juu ya vifo vya uzazi milimani yamewalaumu madereva na jamaa za wagonjwa kwa ucheleweshaji ambao ulikwisha kuchorwa ardhini.

Imebaki hoja ya neno. Kiingereza kimelichukua neno la kila siku, jerk, kikalipa kazi ya kisayansi, na Kiswahili kinaweza kufanya vivyo hivyo. Mshtuko lina mzigo mkubwa tayari: la umeme, la moyo, la habari mbaya. Mtikisiko na mtetemeko huonyesha kwenda na kurudi, ilhali tunachokitafuta kinaweza kutokea mara moja tu. Kutua, kwa maana ya kuvuta kamba kwa ghafla, linatupa nomino mkutuo, na maana yake iko karibu mno na tunayoitaka. Ipo hatari ya kulichanganya na tua, yaani kushusha mzigo, kwa kuwa yote mawili husikika kutua. Lakini shina la lile la kwanza ni -kutua na la pili ni -tua: mchukuzi aliyekutua machela hajaitua. Tena nomino zake ni mbalimbali, mkutuo kwa upande mmoja na kituo kwa upande mwingine.